Njia Moja ya Nyangwe

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara ya biashara waliokuwa wamepiga kambi Nyangwe waliwafyatulia risasi wachuuzi waliofurika sokoni, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Wengi waliokufa walikuwa wanawake. Wengine walizama wakikimbilia mitumbwi. David Livingstone, aliyekuwa pale, aliandika kwamba waliouawa walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia na wino pia, hivyo aliandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa rangi iliyotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huko. Baadaye alinakili habari hiyo katika daftari na barua. Henry Morton Stanley alizichukua Tabora, akafika nazo Unguja Mei 1872, na ni katikati ya mwaka huo ndipo wasomaji wa Ulaya walipopata kujua kilichotokea. Ujumbe mmoja ulikuwa umesafiri yapata mwaka mzima.

Miaka minane baada ya mauaji yale, mwaka 1879, kebo ya telegrafu ilitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Tangu hapo neno la Unguja lilifika London siku ileile. Neno la Nyangwe halikupata nafuu yoyote kubwa. Lilibaki na miguu yake: Kasongo, Kabambare, kuvuka ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Baharini ujumbe ulikimbia, barani ukaendelea kutembea.

Mgawanyo huo haujaisha. Leo kusini mwa Maniema, mkoa wa Kongo ilipo Nyangwe, watu wanalalamika kwamba rezo inakatika, kwamba mega zinaliwa bure, kwamba picha inazunguka tu bila kufunguka. Lawama hutupiwa “intaneti” kwa jumla, kana kwamba ni kitu kimoja. Ukifuata safari ya data hatua kwa hatua utaona kwamba itifaki, yaani yale makubaliano yanayoziwezesha mashine kuelewana, zilibuniwa na watu waliotarajia njia ziharibike na wakajiandaa kwa hilo. Kipaji kikubwa cha itifaki hizo ni kutafuta njia nyingine. Tatizo la Nyangwe na jirani zake ni kwamba njia nyingine haipo.

Tuanze na jambo la kila siku. Mama yuko Kasongo, binti yake anasoma Bukavu. Mama anashikilia alama ya kinasa sauti kwenye WhatsApp, anasema nusu dakika, anaachia. Simu inageuza sauti yake kuwa tarakimu, inazifunga kwa siri ambayo hata kampuni ya simu haiwezi kuifungua, kisha inazikatakata. Kila kipande huitwa pakiti, na kwa kawaida hakizidi baiti 1,500. Mbele ya pakiti hukaa kichwa kidogo, baiti 20 tu katika toleo la nne la itifaki ya IP, chenye anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, na namba ya maisha ambayo kwenye simu nyingi huanza na 64. Pakiti ikifika kwenye ruta, ruta husoma anwani, hutazama jedwali lake, huisukuma kwa jirani anayefaa, na hupunguza moja katika ile namba. Namba ikifika sifuri pakiti hutupwa, ili zilizopotea njia zisizunguke milele.

Ruta haijui safari nzima. Haikumbuki pakiti iliyopita wala haina habari kwamba hii na ile ni sauti ya mama mmoja. Ikizidiwa na kazi, inatupa pakiti na kuendelea. Hakuna kifungu chochote katika itifaki ya IP, ile iliyochapishwa Septemba 1981, kinachoahidi kwamba pakiti itafika, au itafika mara moja tu, au itafika kwa mpangilio iliotumwa. Inaahidi kujaribu.

Unyenyekevu huo ulikuwa uamuzi wa makusudi. Miaka ya 1960 Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walifikia wazo la kukata ujumbe vipande ili usitegemee waya mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mei 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha pendekezo la kuunganisha mitandao ya namna mbalimbali, ya redio, ya setilaiti na ya waya, bila kuitaka yoyote kati yake ibadilike ndani. Katikati pasiwe na akili nyingi. Akili ikae kwenye ncha, katika mashine za wanaozungumza. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ulihamia rasmi kwenye itifaki hizo. Mnara wa Kasongo na kituo kikubwa cha data cha Marseille vinaweza kushiriki mazungumzo kwa sababu wala Cerf wala Kahn hakumtaka yeyote awe na vifaa vya aina fulani.

Kazi ya kuhakikisha imeachiwa itifaki nyingine, TCP. Kabla ya kutuma chochote, simu inaiomba seva nafasi ya kuzungumza, seva inakubali, simu inathibitisha kwamba imesikia kukubali huko. Kisha kila baiti inapewa nafasi yake katika hesabu, na mpokeaji anarudisha taarifa: nimepokea mpaka hapa. Mtumaji asipopata taarifa hiyo kwa muda aliokadiria, anatuma tena. Kwa utaratibu huo vipande vinavyofika ovyo vinapangwa upya, vilivyopotea vinarudiwa, na nusu dakika ya sauti inafika nzima.

Wanaotumia WhatsApp wanaujua utaratibu huu kwa macho, ingawa ngazi wanayoiona ni ya juu zaidi. Tiki moja inasema seva imepokea. Tiki mbili zinasema simu ya mwenzako imepokea. Kati ya tiki ya kwanza na ya pili panaweza kupita sekunde moja, au siku tano ikiwa binti amesafiri mahali pasipo na mnara. Seva inauhifadhi ujumbe ambao haujafika mpaka siku 30. Kwa mtu wa Nyangwe au wa Kabambare, siku hizo 30 zina thamani kuliko kasi yoyote inayotangazwa kwenye mabango. Zinamwezesha kuzungumza na mtu ambaye hayupo hewani wakati ule.

Sasa tuingie mahali ambapo TCP inaumia, maana hapa ndipo maeneo ya pembezoni yanapolipa gharama yasiyoiona. Oktoba 1986 njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yasiyotengana hata mita 400, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna kilichovunjika. Mashine nyingi zilituma kwa wakati mmoja, ruta zikazidiwa na kutupa pakiti, mashine zikadhani zimepotea na kuzituma tena, ruta zikazidiwa zaidi. Van Jacobson alipendekeza dawa, akaichapisha mwaka 1988: anza polepole, ongeza kadiri uthibitisho unavyorudi, na pakiti ikipotea punguza kasi mara moja, kwa sababu kupotea ni dalili ya msongamano. Dawa hiyo iliiokoa intaneti, na vizazi vyake viko katika karibu kila simu.

Lakini ndani yake mna dhana. Inachukulia kwamba pakiti ikipotea, basi njia imejaa. Katika waya wa Berkeley dhana hiyo ilikuwa sahihi karibu kila mara. Kwenye ukingo wa eneo la mnara, mahali unapolazimika kupanda kilima na kuinua simu ili upate mstari mmoja, pakiti hupotea kwa sababu ishara ni dhaifu, au mvua imeanza, au umegeuka tu. Njia haijajaa hata kidogo, na hata hivyo mtumaji anapunguza mwendo, kisha anapunguza tena. Mnara na simu vina marudio yao wenyewe yanayoziba sehemu ya upotevu huo, ila kila marudio ni muda, na muda unaoyumbayumba humfanya mtumaji wa mbali aone kimya na kurudia kutuma kitu ambacho tayari kilikuwa njiani. Mega zinazokwenda na marudio hayo zinatoka kwenye kifurushi cha mteja. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walitoa mbinu ya BBR, inayopima uwezo halisi wa njia na muda wa kwenda na kurudi badala ya kuhukumu kwa upotevu peke yake. Mbinu hiyo inakaa upande wa seva inayotuma, kwa hiyo nafuu hii inategemea mwenye seva, wala si mwenye simu.

Setilaiti inaongeza tatizo la pili. Mahali ambapo hakuna faiba wala mlolongo wa minara ya maikrowevu, mnara wa kijijini mara nyingi huunganishwa na dunia kwa setilaiti iliyotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita zaidi ya 71,000, na jibu lazima lisafiri vivyo hivyo. Hata kwa kasi ya mwanga, kwenda na kurudi hakuwezi kupungua chini ya milisekunde 470 hivi, na kwa vitendo huzidi 500. Sasa hesabu. Kufungua ukurasa mmoja wenye ulinzi, simu inauliza kwanza jina la tovuti lina anwani gani: safari moja. Inaomba mazungumzo ya TCP: safari nyingine. Inakubaliana juu ya siri: moja au mbili zaidi, kulingana na toleo. Inaomba ukurasa wenyewe: nyingine tena. Sekunde mbili au mbili na nusu zimekwisha kabla ya herufi ya kwanza kuonekana, hata kama setilaiti ina nafasi tele. Kasi iliyotangazwa haisaidii hapa. Kinachokula wakati ni idadi ya safari.

Kuna mpaka mwingine uliofichika. TCP ya awali haikumruhusu mtumaji kuwa na zaidi ya baiti 65,535 njiani bila uthibitisho. Gawanya kwa nusu sekunde, unapata takriban megabiti moja kwa sekunde, hata kama setilaiti ingeweza kubeba mia. Nyongeza ya mwaka 1992 iliondoa mpaka huo, na kampuni za setilaiti nazo ziliweka mashine za kati zinazojifanya ndizo seva: zinathibitisha haraka upande wa mnara, kisha zinahangaika zenyewe na ile safari ndefu. Ilifanya kazi. Halafu mwaka 2021 ikaja QUIC kama kiwango rasmi, itifaki inayounganisha maombi ya mazungumzo na makubaliano ya siri katika safari moja. Kwa mtu wa pembezoni hiyo ni zawadi. Lakini QUIC pia hufunga kwa siri karibu kila kitu, pamoja na uthibitisho, kwa hiyo zile mashine za kati haziwezi tena kusaidia. Faragha imeongezeka, na baadhi ya nafuu ya setilaiti imeondoka. Kwangu faragha inashinda, hasa katika nchi ambayo dola imewahi kuzima mawasiliano. Ila ni haki kusema kwamba waliofanya uamuzi huo walikuwa na faiba, na kwamba gharama yake inalipwa zaidi na wasio nayo.

Turudi kwa mama na sauti yake. Umbali kati ya Kasongo na Bukavu, kwa mstari ulionyooka, haufiki kilomita 350. Pakiti zake hazifuati mstari huo. Data ya simu ya mkononi husafirishwa kwanza, ikiwa imefungwa ndani ya pakiti nyingine, mpaka kwenye lango la kampuni ya simu katika mji mkubwa. Huko ndiko inakofunguliwa na kukutana na intaneti kwa mara ya kwanza. Watu wawili waliokaa chini ya mnara mmoja, wakitumiana picha ya harusi, picha yao inakwenda mpaka kwenye lango hilo, inaendelea mpaka kwenye seva ya WhatsApp popote ilipo, na inarudi njia yote hiyo kumfikia aliyekaa benchi la jirani. Mnara ukikatwa na lango, majirani hao hawawezi kutumiana hata neno, ingawa ishara imejaa kwenye simu zao.

Kutoka langoni, njia huamuliwa na BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa huitumia kutangaziana: mimi naweza kukufikisha kwenye anwani hizi. Iliandikwa mwaka 1989, na haijali kilomita. Inajali nani ametangaza nini, na nani ana mkataba na nani. Kama mitandao miwili ya mji mmoja haina mahali pa kukutana, pakiti kati yao hupitia kwa muuzaji wa mbali anayewajua wote wawili. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Nairobi na Kinshasa: barua pepe ya mtaa kwa mtaa ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi, na dola zikalipwa kwenda na kurudi. Nairobi ilifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Kampuni ya taifa ya simu ikalalamika, mdhibiti akakifunga baada ya wiki mbili, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Muda wa pakiti za ndani ulishuka kutoka zaidi ya sekunde nzima hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka huohuo Kinshasa ilipata KINIX yake, na baadaye Lubumbashi na Goma zikapata vituo vyao. Maniema haina sababu ya kihandisi ya kusubiri muda mrefu zaidi, lakini kituo cha kukutania kina maana pale tu ambapo kuna zaidi ya mmoja wa kukutana.

Kuhusu anwani nitasema kwa ufupi. Toleo la nne la IP lina anwani bilioni 4.29 hivi, karibu zote zimekwisha kugawanywa, na Afrika iliyopata msajili wake wa eneo, AFRINIC, mwaka 2005 tu, ilifika mezani wengine wakiwa wamekula. Kwa hiyo maelfu ya simu hujificha nyuma ya anwani moja ya kampuni. Kwa kusoma na kutazama haidhuru sana. Kwa mtu anayetaka kuweka seva yake mwenyewe Kasongo, ni ukuta. Toleo la sita linaondoa ukuta huo, pale kampuni inapokubali kuliwasha.

Bahari ndiyo iliyobadilika zaidi. Pwani ya mashariki ilipata SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Upande wa Atlantiki, kebo ya WACS ilianza kuihudumia Kongo kupitia Muanda mwaka 2013. Na hapa pana jambo ambalo kila mtu wa Lualaba anastahili kulijua. Maji yanayopita Nyangwe yanashuka Kindu na Kisangani, yanaitwa Kongo, yanapita Kinshasa na Matadi, yanaingia baharini karibu na Muanda. Na hayakomei hapo. Chini ya bahari kuna korongo refu linaloanzia mdomoni mwa mto. Baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa Desemba 2019, tope lililorundikana mdomoni liliporomoka kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020, likateremka korongo kwa zaidi ya kilomita 1,100, kwa mwendo wa mita 5 hadi 8 kwa sekunde, na likakata kebo za SAT-3 na WACS. Agosti 2023 maporomoko katika korongo hilohilo yalizikata kebo hizo kwa mara nyingine, na meli ya Léon Thévenin ikatoka Cape Town kwenda kuzivua na kuziunga. Mto unaobeba mitumbwi ya Nyangwe ndio unaotishia kebo zinazobeba ujumbe wake.

Katika mikasa hiyo BGP ilionyesha ilichobuniwa kufanya. Kebo ikikatika, ruta za pande zote mbili hutangaza kwamba njia ile haipo, majirani hubadili majedwali yao, na kwa dakika chache pakiti zinapita kwingine. Tarehe 14 Machi 2024 kebo nne zilikatika karibu na Abidjan. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikaona intaneti ikidorora. Mateso yalikuwa ya kweli. Hata hivyo Nairobi haikutoweka kwenye ramani, kwa sababu ilikuwa na njia ya tatu na ya nne, na kazi ya itifaki ni kuchagua kati ya zilizopo.

Sasa uweke Nyangwe kwenye jedwali la ruta. Mnara mmoja, kiungo kimoja, betri za jua au jenereta moja inayotegemea mafuta yanayokuja kwa barabara mbovu. Ruta yake ina mstari mmoja: kila kitu, peleka huko. Kiungo kikifa, hakuna jirani wa kutangaza njia mbadala, na ule ujuzi wote wa BGP unabaki bila kazi. Hapo TCP itarudia kutuma, itaongeza muda wa kusubiri mara mbili, na mara mbili tena, mwisho itakata tamaa. Itifaki imetimiza wajibu wake wote.

Hali hiyohiyo ndiyo iliyorahisisha kuzimwa kwa mawasiliano Kongo. Desemba 2011 ujumbe mfupi ulisimamishwa nchi nzima baada ya uchaguzi. Januari 2015 intaneti ilikatwa wakati wa maandamano. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena na haikurudi mpaka matokeo ya mwisho yalipothibitishwa Januari 2019. Husemwa sana kwamba intaneti inauona udhibiti kama uharibifu na inaukwepa. Inaukwepa pale penye pa kukwepea. Nchi ambayo data yake inapita kwenye milango michache ya kampuni chache huzimwa kwa barua chache za wizara.

Watu wenyewe hawajakaa kusubiri. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo Novemba 2012, na pesa ya simu inayotumwa sokoni kwa kubonyeza nyota na namba haitumii IP kabisa kwenye simu ya mteja: inatumia USSD, inayopita kwenye njia ya ishara ya mtandao wa simu, ileile ya kupangia miito. Ndiyo maana inafanya kazi kwenye simu ya tochi mahali ambapo ukurasa wa mtandao haufunguki. Lakini USSD ni mazungumzo ya papo hapo. Rezo ikikatika baada ya kuweka namba ya siri, mchuuzi anabaki na swali: imekwenda au haijakwenda? Nirudie au nitalipa mara mbili? Swali hilo TCP hulijibu kwa hesabu ya baiti na uthibitisho. Kwenye USSD jibu huja kwa ujumbe mfupi baadaye, na ndiyo sababu wachuuzi wenye busara hawaachii mzigo kabla ujumbe huo haujaingia.

Njia ya kale zaidi ya kujibu ukosefu wa njia ya kudumu ni kuhifadhi na kupeleka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa FidoNet ulikuwa na kituo Nairobi, kompyuta zikipigiana simu usiku na kukabidhiana mafurushi ya barua. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993, kupita juu ya hospitali mara chache kwa siku, kupokea barua za madaktari na kuwashushia majibu. Hakukuwa na mazungumzo ya papo kwa papo. Kulikuwa na uhakika kwamba barua itapita. Mikoa ya mashariki mwa Kongo ilikuwa na foni, redio za masafa marefu za misheni na zoni za afya, zenye saa maalumu za kuitana asubuhi, na mtu akiambiwa arudie sentensi alirudia mpaka mwenzake aseme amepata.

Wazo hilo limerudi likiwa na vazi la kisasa. Vint Cerf yuleyule, akifikiria mawasiliano na vyombo vya anga za mbali, alishiriki kuanzisha kazi iliyozaa itifaki ya mafurushi, ambayo toleo lake la saba lilichapishwa Januari 2022: kila kituo kinahifadhi furushi zima mpaka kituo kinachofuata kionekane, iwe baada ya dakika au baada ya siku. Ilikusudiwa Mirihi, na inafaa Kabambare. Karibu zaidi na maisha ya kila siku kuna DHIS2, mfumo ambao wizara ya afya ya Kongo inautumia kukusanya takwimu. Programu yake ya simu inamruhusu muuguzi kuingiza idadi ya watoto waliochanjwa na wagonjwa wa surua bila rezo yoyote, kuzihifadhi, na kuzituma siku atakapofika mahali penye mnara. Programu za namna hii zinastahili kuwa kawaida katika maeneo haya: fomu za shule, bei za mazao, maombi ya vyeti. Mwenye kuziunda Kinshasa akiwa na faiba mezani huandika programu inayodai kiungo kila inapobonyezwa, na kwa uamuzi huo mmoja anawafungia nje watu wa mikoa mizima.

Setilaiti za chini nazo zimefika. Mamlaka ya udhibiti, ARPTC, iliyokuwa imekataza huduma ya setilaiti hizo ya Starlink mwaka 2024, iliipa leseni Mei 2025. Setilaiti hizo huzunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde makumi badala ya mamia, na sehemu kubwa ya masaibu ya TCP niliyoyaeleza inayeyuka. Ningependa kuona kifaa kimoja katika kila hospitali ya zoni kusini mwa Maniema. Nisingependa kuona wilaya nzima ikihama kutoka mlango mmoja kwenda mlango mwingine mmoja, ambao ufunguo wake uko Marekani na bei yake ni ya dola.

Sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020 inaitambua haki ya wote kupata huduma, na mfuko wake wa huduma kwa wote, FDSU, upo kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida. Kipimo kinachozoeleka ni idadi ya minara na asilimia ya watu waliofunikwa. Ningeomba kipimo kingine: kila mji una njia ngapi zisizotegemeana? Kasongo yenye mlolongo wa maikrowevu kuelekea Kindu na setilaiti ya akiba ina njia mbili, na hapo ndipo itifaki zinapopata kitu cha kufanyia kazi. Minara mitatu ya kampuni tatu zinazokodi kiungo kilekile bado ni njia moja, hata ramani ya mfuko ikiwa imejaa rangi.

Njia hizo mtu anaweza kuzichunguza mwenyewe. Ile namba ya maisha iliyo kwenye kichwa cha pakiti ina matumizi ya pili, yaliyoandikiwa programu na Van Jacobson yuleyule wa msongamano. Tuma pakiti yenye namba 1, na ruta ya kwanza itaitupa na kukutumia taarifa. Tuma yenye 2, utajibiwa na ya pili. Endelea mpaka ufike. Programu za traceroute hufanya hivyo, zipo za bure kwa simu, na zinatumia data kidogo sana. Baadhi ya ruta hazijibu, na sehemu ya kutoka mnarani hadi kwenye lango la kampuni haionekani. Zinazojibu zinatosha kuonyesha kama pakiti ya Kasongo kwenda Bukavu imepitia Goma, au Johannesburg, au Paris, na milisekunde ngapi zimepotea wapi. Walimu wa sekondari na wauguzi wa zoni wakikusanya orodha hizo kwa mwezi mmoja, Kasongo, Kabambare na Nyangwe, asubuhi na jioni, wakaziambatanisha na barua kwa ARPTC na FDSU, barua hiyo itasomwa na wahandisi wanaojua fika maana ya kila mstari.